Safari ya siku 6 kwa baiskeli za mlimani, Rutamba hadi Newala: naomba ushauri kuhusu njia, mchanga na maji

Binti wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Sisi ni kundi la watu wanane, wanawake watatu na wanaume watano, ambao kwa miaka miwili sasa tumekuwa tukiendesha baiskeli za mlimani kila Jumamosi kwenye vilima vya nyuma ya Mikindani na kwenye njia za mashambani zinazozunguka ghuba. Mwaka huu tumeamua kutoka nje ya eneo tulilolizoea. Tumepata pikapu moja ya kubebea baiskeli na mizigo, pamoja na gari dogo la abiria, na tunakusudia kusafiri kwa siku sita: tutahama kwa gari kutoka kituo kimoja hadi kingine pale penye barabara kuu, na tutapanda baiskeli pale penye vilima na misitu, ambako ndiko hasa tunakokwenda.

Mpango wetu wa kwanza uko hivi. Siku ya kwanza tutakwenda Rutamba kwa gari na kuendesha kando ya msitu wa Litipo. Siku ya pili tutapanda Rondo. Siku ya tatu tutateremka hadi bonde la Lukuledi na kulala Ndanda. Siku ya nne tutakuwa Masasi, tukizunguka ile milima ya mawe. Siku ya tano tutapanda Newala kwa baiskeli, na siku ya sita tutarudi Mtwara kwa baiskeli kupitia Tandahimba na Nanyamba, umbali wa takribani kilomita 140, ambao tuliudhani kuwa mwepesi kwa sababu uwanda wa Makonde unainamia baharini. Tarehe tuliyoifikiria ni wiki ya Nane Nane, kwa kuwa wengi wetu tutakuwa na ruhusa kazini.

Ninaomba mnisaidie katika mambo yafuatayo. Je, ni busara kwa watu wa kiwango chetu, wanaomudu kilomita 50 kwenye udongo mgumu bila shida, kupanga kilomita 50 hadi 60 kwa siku katika njia za huko? Je, maji ya kunywa yanapatikana njiani, au tuyabebe? Baiskeli tatu kati ya zetu zina breki za diski zinazotumia mafuta, na nyingine zina breki za waya. Je, miteremko ya Newala inahitaji tahadhari gani? Tena, mwenzetu mmoja anasisitiza tupite Tendaguru, kwenye vilima yalikochimbwa mabaki ya dainosaria, nami sijui kama kunaingia katika ratiba hii.

Nina sababu yangu binafsi ya kuitaka Newala. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kitangari, na tulipokuwa watoto alitusimulia jinsi yeye na dada zake walivyoamka usiku wa manane kushuka bondeni kuteka maji, wakapanda tena na vibuyu kichwani kabla jua halijawa kali. Ningependa kuipita njia ya namna hiyo kwa magurudumu yangu mwenyewe, hata kama nitaisukuma baiskeli nusu ya safari.

---

Mstaafu wa Misitu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi katika misitu ya Mkoa wa Lindi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia, kwa hiyo nitakujibu yale ninayoyajua kwa miguu yangu.

Nianze na tarehe, maana ndiyo kosa kubwa kuliko mengine katika mpango wenu. Wiki ya Nane Nane maonyesho ya kanda ya kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, na nyumba za wageni za Lindi hujaa kiasi kwamba hata wenyeji wanaopata wageni hupata taabu ya kuwalaza. Lakini hilo ni dogo. Jambo kubwa ni mchanga. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza karibu na Novemba au Desemba na kwisha kati ya Aprili na Mei, na mwezi wa Juni mchanga wa njia bado una unyevu wa chini kwa chini unaoushikilia. Kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo unavyolegea, na ifikapo Septemba gurudumu huzama kama linalopita kwenye unga. Agosti ni katikati ya hali hizo mbili. Mkiweza kuivuta safari ije wiki ya mwisho ya Juni, mtakuwa mmejipunguzia kazi kuliko kwa kununua vifaa vyovyote vipya. Mchukue na nguo nzito, kwa sababu Rondo na Newala usiku wa Juni kuna baridi ambayo watu wa pwani hawaitegemei.

Litipo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni msitu mdogo, uko karibu na ziwa la Rutamba, na njia za wanavijiji zinazouzunguka si ngumu. Msiingie ndani ya msitu wenyewe kwa baiskeli. Piteni njia za kandoni, kisha muingie kwa miguu pamoja na mtu wa kijiji, nanyi mtaona miti ya msitu wa pwani ambayo mahali pengine imekwisha kugeuka mkaa.

Rondo ni jambo jingine. Uwanda wake unafikia takribani mita 880 kutoka usawa wa bahari, na kutoka bonde la Lukuledi upande wa Nyangao mpandio wake ni mrefu. Sehemu yake ya asili ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na huwezi kuingia kama unavyoingia shambani kwa mjomba. Pitieni ofisi ya wakala Lindi mjini siku mbili kabla, mlipe kinachotakiwa, mwombe kupewa askari wa misitu wa kuwaongoza, na mkubali pale atakapowaambia kwamba njia fulani haipitiki kwa baiskeli. Kwa watu wanane wenye magurudumu, njia za kufaa zaidi ni zile zinazopita katika mashamba ya miti ya kupandwa, misonobari na mitiki, ambako malori ya magogo yaliacha barabara pana za udongo. Humo mtaendesha kwa raha. Katika msitu wa asili tembeeni.

Mkilala huko, tokeni nje kama saa mbili usiku mkiwa kimya. Yuko komba mmoja mdogo aitwaye komba wa Rondo, ambaye ni miongoni mwa komba wadogo kabisa duniani, ana uzito wa takribani gramu 60, na mkia wake una manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Anapatikana katika misitu michache tu ya Tanzania, na wanasayansi walimtambua rasmi kama spishi ya peke yake katika miaka ya 1990 tu. Sisi tulikuwa tukimsikia miaka yote hiyo. Mvule mkubwa wa Rondo ulikatwa sana baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kila nikiyakumbuka magogo yale ninashukuru kwamba kiumbe huyu alibakia.

Kuhusu Tendaguru, mwambie mwenzenu aihifadhi hamu hiyo kwa safari nyingine. Wajerumani walichimba huko kati ya 1909 na 1913 na kutoa zaidi ya tani 200 za mifupa, ambayo babu zetu waliibeba kwa vichwa na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kile kikubwa cha mifupa kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin kilipita kwenye njia za miguu za huku. Mahali penyewe ni porini, nyasi zake ni ndefu, na bila mwenyeji unaweza kukanyaga shimo la uchimbaji usijue. Kwenda, kutazama na kurudi kunataka siku mbili kamili, nanyi hamnazo.

Jambo la mwisho ni upupu. Huota kwenye vichaka vya kandokando ya njia, na kuanzia Juni maganda yake huwa yamekauka, kiasi kwamba ukiyagusa kwa bega tu nywele zake zinakuingia hadi kooni. Vaeni mikono mirefu. Atakayepatwa asijikune wala asijimwagie maji kidogo kidogo, kwa sababu atausambaza. Sisi tulipaka tope, tukaliacha likauke, kisha tukalibandua pamoja na zile nywele.

---

Fundi Baiskeli Masasi

Dada, karibu sana Masasi. Mzee hapo juu amesema kweli tupu kuhusu mchanga, nami nitazungumzia baiskeli, kwa kuwa nimeshapokea makundi mawili ya wasafiri kama ninyi, na yote mawili yalifika kwangu yakiwa na vitu vilivyovunjika ambavyo sikuweza kuwatengenezea. Si kwa kukosa ujuzi, bali kwa sababu vipuri vyake haviuzwi huku.

Cha kwanza ni kile kipande chembamba cha alumini kinachoshika mkono wa gia wa nyuma kwenye fremu. Kimeundwa kipinde au kivunjike ili fremu isiumie, na baiskeli ikianguka upande wa kulia au ikilaliwa na nyingine kwenye pikapu, ndicho kinachoumia kwanza. Kila muundo wa baiskeli una umbo lake, hivyo cha mwenzako hakikufai. Kila mmoja wenu anunue cha akiba kabla ya kuondoka na akifunge kwa tepu chini ya siti. Msafiri mmoja wa mwaka juzi alilazimika kurudi kwa basi kutoka Masasi kwa sababu ya kipande kidogo kuliko kidole gumba.

Cha pili ni matairi. Msije na tairi nyembamba kuliko inchi 2.2. Punguzeni upepo mkiingia kwenye mchanga: kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyubu, paundi 22 hadi 25 zinatosha, lakini mkitoka kwenye mchanga na kuingia kwenye mawe ya Masasi rudisheni upepo, la sivyo ringi itaing'ata tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayofanana na meno ya nyoka. Hapa ndipo wengi hukosea, maana udongo hubadilika ndani ya siku moja nao hubaki na upepo uleule. Mbigili nazo ni nyingi kwenye viwanja vya vijiji. Kama mna matairi yasiyo na tyubu yenye maji ya kuziba ndani, yatawasaidia sana kwa mbigili. Hata hivyo bebeni tyubu mbili kwa kila mtu. Mafundi wa vijijini wana tyubu za inchi 26 na 28 za baiskeli za kawaida, na ile ya 26 huvutika ikaingia kwenye ringi ya 27.5 kwa dharura. Kama valvu zenu ni zile nyembamba, chukueni adapta zake, kwa kuwa pampu ya kijijini haitazishika.

Sasa breki. Za waya nitazitengeneza mimi, na atazitengeneza fundi yeyote kuanzia Nanyamba hadi Nachingwea, maana waya upo kila duka la vipuri. Za mafuta zikiingiwa na hewa hakuna wa kuzisaidia kati ya Lindi na Newala, isipokuwa mje na kifaa chenu na mafuta ya aina yenu. Kwa hiyo mkivua gurudumu ili kupakia baiskeli, chomekeni kipande cha kadibodi ngumu katikati ya pedi, kwa sababu mtu akiibonyeza breki hiyo kwa bahati mbaya huku diski haipo, pedi zitafungana na mtapoteza saa nzima kuzitanua. Kwenye mteremko mrefu msiburuze breki muda wote. Shikeni kwa nguvu kwa muda mfupi, achieni, shikeni tena, na kila baada ya dakika tano simameni ziwe baridi. Mkisikia harufu ya kuungua mmekwisha kuchelewa. Msiimwagie maji diski yenye moto, kwani inaweza kupinda.

Kuhusu kupakia, baiskeli nane ndani ya pikapu kwenye barabara yenye matuta zitasagana hadi rangi iishe na paipu zipate mikwaruzo ya kina. Nendeni kwa fundi yeyote mkaombe tyubu mbovu, mzikate vipande virefu, mzungushie kila paipu inapogusana na nyingine, kisha tandikeni magunia katikati. Mnyororo msiupake oili ya injini, maana vumbi letu litanata na kuwa kama msasa. Pakeni mafuta mepesi jioni na mfute yote yaliyo nje kwa kitambaa.

Kwa ratiba, ninawashauri Ndanda mlale usiku mbili badala ya mmoja. Pale pana maji ya chemchemi yanayotoka chini ya ukingo wa Makonde, pana hospitali kubwa, na tangu Wabenediktini walipoanzisha misheni yao mwaka 1906 mahali hapo pamezoea wageni. Kutoka Ndanda hadi Masasi ni takribani kilomita 40 za lami, kwa hiyo njooni kwa gari asubuhi, mwendeshe kuzunguka milima ya mawe kwa nusu siku, kisha mrudi kulala. Msipande juu ya mawe na baiskeli zenu kabla hamjauliza, kwa sababu baadhi ya milima hiyo ina makaburi na mahali pa matambiko, na mwenyeji atawaonyesha upande usio na neno.

---

Mwalimu Newala

Ndugu yetu, nimefurahi kusoma habari za bibi yako, nami ninaandika nikiwa umbali wa dakika chache kutoka ukingoni, kwenye lile genge tunaloliita Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana hadi upande wa Msumbiji.

Ninakubaliana na waliotangulia, isipokuwa kwa jambo moja ambalo wote wamelipita kwa haraka, nalo ni maji. Ninaliandika kwa uzito kwa sababu ndilo linaloamua maisha ya watu wa hapa. Udongo wa uwanda wetu ni wa kichanga chenye kina kirefu, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na juu huku hamtakuta mto wala kijito. Maji hutoka kwenye chemchemi zilizo chini ya kingo, na kupandishwa kwa mitambo ambayo mradi wake ulianza tangu wakati wa ukoloni, miaka ya 1950. Mitambo ikisimama au bomba likipasuka, watu hurudi kwenye visima walivyochimba majumbani ili kuvuna maji ya mvua. Maji ya kisima hicho ni ya familia, yamepimwa yafike hadi mvua nyingine. Mwezi wa Agosti mwenye nyumba anajua amebakiwa na ndoo ngapi.

Sasa fikirieni watu wanane wanaofika kijijini saa saba mchana, wana kiu, wana heshima, wanaomba maji ya kunywa. Hakuna Mmakonde atakayewanyima. Mama wa nyumba atawapa, mtashukuru, mtaondoka, na yeye atakuwa amewapa maji ya siku mbili ya watoto wake bila kuwaambia neno. Nimeliona hili kwa macho yangu, na kundi lile liliosha hata matope kwenye baiskeli zao kwa maji ya ndoo. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaeleza.

Kwa hiyo, ile pikapu yenu iwe kwanza chombo cha maji, kisha ndipo iwe ya mizigo. Kwa kazi ya baiskeli kwenye jua hesabuni lita sita za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 48 kwa wote wanane, na ongezeni za madereva. Jazeni madumu kumi ya lita 20 pale Ndanda kabla ya kupanda, ambayo ni kilo 200, na mpunguze mizigo mingine mpaka gari liyabebe. Baiskeli zifuteni kwa brashi kavu. Vumbi letu linatoka lenyewe.

Hilo linabadilisha pia swali lako la kilomita. Kwenye njia za uwandani, kati ya mikoroshi, mtakwenda kilomita sita hadi nane kwa saa, na sehemu nyingine mtasukuma. Kilomita 25 kwa siku ni kazi ya kutosha kabisa, na jua huchwa muda mfupi tu baada ya saa 12 jioni. Msipange 60.

Wazo la kurudi Mtwara kwa baiskeli kwa siku moja liacheni. Ni kweli uwanda unateremka kuelekea baharini, lakini unateremka taratibu mno hata gurudumu halihisi, na kwa mwezi huo upepo wa kusi utawapiga usoni na ubavuni njia nzima. Kati ya kilomita 210 za Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, lami ya siku nyingi ni zile 50 za Mtwara hadi Mnivata; kwingine kuna kazi za ujenzi, malori na vumbi. Rudini kwa gari.

Kuna jambo la salfa ambalo ni wenyeji tu wanaolifikiria. Kuanzia Mei au Juni wakulima hupuliza unga wa salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na hufanya hivyo alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yana umande wa kuushika. Wasafiri wote huambiwa waanze mapema, lakini huku mkianza saa 12 asubuhi mtapita katikati ya wingu la salfa, na macho yatawawasha siku nzima. Uwandani anzeni saa tatu. Tena, njia za mikoroshoni ni za watu, hivyo kila kijiji ripotini kwa mtendaji, mwombe kijana wa kuwaongoza na mumlipe ujira wa siku nzima, si wa saa.

Kuteremka hadi ukingoni mwa Mto Ruvuma sikushauri bila kibali cha serikali ya mtaa na vyombo vya usalama. Ule ni mpaka, na mwaka 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu waliovuka kutoka ng'ambo. Mambo yametulia kwa kiasi kikubwa, lakini utaratibu wa kuripoti haujaondolewa, wala haustahili kupuuzwa na watu wanaotaka mandhari tu.

Mkifika, ulizeni ming'oko ya kuchemsha sokoni, ile mizizi ya porini. Huchimbwa porini wakati wa kiangazi, ina utamu wake wa pekee, na inakaa tumboni kuliko biskuti mnazobeba.

---

Binti wa Mikindani

Wazee wangu na kaka yangu fundi, nimewasomea wenzangu majibu yenu yote jana jioni, nasi tumekaa tukaupanga mpango upya. Ninauandika hapa ili mnisahihishe.

Tutaondoka Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Juni. Siku ya kwanza itabaki Rutamba na Litipo. Siku ya pili tutapanda Rondo kwa gari pamoja na askari wa misitu na kuendesha katika mashamba ya mitiki na misonobari, kisha siku ya tatu tutateremka kwa baiskeli hadi Nyangao, breki zikiwa zimepumzishwa kama tulivyoelekezwa, na gari litupeleke Ndanda. Siku ya nne ni Masasi kwa nusu siku na kurudi Ndanda kujaza madumu. Tendaguru tumeiacha, na mwenzetu aliyeisisitiza amekubali baada ya kusoma habari za wale wapagazi. Amesema ataitafutia safari yake yenye siku za kutosha.

Siku ya tano tulikuwa tumepanga tupande Newala kupitia Masasi. Lakini tumeona kwamba ipo pia barabara inayotoka Mtama kupitia Mkwiti hadi Kitangari na Newala. Swali langu lililobaki ni kama tuifuate hiyo kwa gari ili tulale Kitangari, halafu siku ya sita asubuhi tuendeshe kutoka Kitangari kwenye njia za ukingoni kabla ya kurudi Mtwara. Je, zile njia za wateka maji bado zipo?

---

Fundi Baiskeli Masasi

Mpango huu ninaukubali. Mkishuka Rondo mbebe pedi za breki za akiba, jozi moja kwa kila mtu, maana mteremko mmoja wenye vumbi unaweza kula pedi laini zikaisha. Siku mtakapokuwa Masasi nipitishieni baiskeli zote niangalie spoku, nami sitadai kitu kwa kuangalia.

---

Mwalimu Newala

Njia zipo. Baadhi zimefunikwa na vichaka tangu mabomba yafike, lakini kadhaa hazijawahi kuachwa, kwa sababu mabomba yenyewe hayaaminiki, na mpaka leo utawakuta akina mama na vijana wakishuka na madumu alfajiri. Siku hizi wengi hufunga madumu matatu au manne kwenye baiskeli na kuisukuma kupanda genge, mmoja akivuta mbele na mwingine akisukuma nyuma.

Pandeni kwa Mkwiti kama ulivyosema. Hakikisheni dereva anaijua barabara ya mchanga na ana koleo na mbao mbili, kwa kuwa kuna mahali gari lililobeba kilo 200 za maji litazama. Kitangari mwonaneni na mtendaji jioni hiyohiyo mnapofika, mwelezeni jina la bibi yako na ukoo wake, na bila shaka atapatikana mtu mzima anayeijua nyumba yao na njia waliyoitumia.

Kuhusu kuishuka, nina ombi. Mteremko ni mkali, una mizizi na mawe yaliyolegea, na upana wake unatosha mtu mmoja. Kwa mwendesha baiskeli wa mlimani ni njia ya kuvutia sana, nami ninaelewa kwa nini mtataka kuishuka kwa kasi. Lakini anayepanda na maji hawezi kukupisha, na akiyumba mara moja kazi yake ya muda wa saa tatu inamwagika. Subirini hadi saa nne, wakati wengi wamekwisha kupanda, mtangulize kijana mmoja kwa miguu, na mkimwona mtu anapanda, shukeni kwenye baiskeli mkasimame upande wa bondeni mpaka apite. Mkifika chini kwenye chemchemi mkakuta akina mama wamebaki na madumu, ninyi ni watu wanane wenye nguvu na baiskeli zenye gia. Wapandishieni.

---

Binti wa Mikindani

Mwalimu, tumeelewa. Tutafunga karia za nyuma kwenye baiskeli nne kabla ya kuondoka Mtwara, zile imara za chuma zinazobeba dumu mbili kila moja, na kamba za mpira za kutosha.